Macho ya Mzee, kabla sijakabidhi funguo

Nilipopata kazi Lindi, kilichoninyima usingizi hakikuwa barua ya kuacha kazi. Barua niliiandika jioni moja tu, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeshaeleza kinachotakiwa: anayelipwa kwa mwezi hutoa taarifa ya siku 28, kwa maandishi, akitaja sababu na tarehe. Kilichonikosesha raha ni macho ya bosi wangu.

Nilikuwa karani wa ghala la korosho hapa Mtwara kwa misimu minne. Anayejua mfumo wa stakabadhi ghalani anajua kwamba biashara hii ni ya karatasi kuliko korosho zenyewe: vyama vya msingi vya wakulima huleta mzigo, mzigo hupimwa uzito na ubora, hukaa ghalani hadi mnada, na kila hatua ina hati yake inayosubiri saini. Mtia saini alikuwa bosi wangu, Mzee, kama sote tulivyomwita.

Msimu wangu wa pili nilianza kuona kwamba kila karatasi aliisogeza mlangoni kwenye mwanga, kisha akasema miwani ameisahau nyumbani, ilhali naiona imo katika mfuko wa shati lake. Chai aliimimina nje ya kikombe akailaumu meza kuwa inayumba. Siku moja, tikiti ya mizani ikiwa imeandikwa kilo 3,240, yeye akasoma 8,240, akabishana na dereva wa lori karibu saa nzima, jua la Oktoba likituwakia sote, kwa tani tano ambazo hazikuwahi kupakiwa. Niliichukua ile tikiti nikaisoma kwa sauti, kana kwamba namsomea dereva. Tangu siku hiyo nikawa msomaji wake, na hakuna kati yetu aliyewahi kulitamka hilo.

Nisijitie utakatifu: hali ile ilinifaa. Karani ambaye hakuna hati inayopita bila yeye hupewa ruhusa ya msiba bila maswali, na anapoomba kuongezwa mshahara husikilizwa. Nilijiambia kwamba namstahi Mzee, na kweli nilimstahi, lakini ndani ya ile staha kulikuwa na posho yangu.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki zangu haukunitosha. Mmoja aliniuliza, unaondoka, macho ya mtu yanakuhusu nini? Swali hilo lingekuwa na nguvu kama ningekuwa mtazamaji tu. Mimi nilikuwa nimelificha tatizo kwa miaka miwili kwa kulizibia pengo kila siku, na sasa naondoka na kile kizibo. Atakayekuja baada yangu huenda akawa mwaminifu, huenda asiwe, na mtu anayesaini asichokiona hahitaji zaidi ya karani mmoja mjanja kupoteza ghala zima. Orodha yangu ya makabidhiano ilikuwa na funguo, daftari, mihuri na mizani, nami nilijua kwamba kitu kikubwa kuliko vyote hakimo.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ni ya kitabibu, ingawa mimi si daktari. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na lenzi bandia ikawekwa, hata mtu akiwa amechelewa kiasi. Presha ya macho ni habari tofauti: hula uoni kidogo kidogo, mara nyingi kuanzia pembeni, bila maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi, dawa huzuia kilichobaki tu. Sukari nayo ina njia yake ya kuharibu jicho. Sikujua Mzee ana lipi kati ya hayo, na yeye pia hakujua, maana hakuwahi kupimwa. Kila msimu niliomsomea ulikuwa msimu mwingine wa kutokwenda hospitali ya Ligula.

Basi nikabaki na suala la namna. Kuliandika katika barua nilikataa mara moja, kwa sababu barua hukaa kwenye faili, na ugonjwa wa mtu si wa kusomwa na kila afunguaye kabati. Isitoshe, sheria inataka sababu ya kuondoka, naye angedhani hiyo ndiyo sababu. Kupitia kwa mkewe kungeonekana kusengenya. Nilimfikiria mtani wake mmoja, muuza samaki wa soko la Feri, anayeweza kumwambia lolote wakacheka, lakini nilihofu kwamba wangecheka kweli na jambo likaishia hapo. Muda ulinisumbua zaidi. Nikisema siku ya mwisho, nitakuwa nimemrushia jiwe na kukimbia. Nikisema kabla ya barua, atadhani natafuta nyongeza. Niliamua kupeleka barua kwanza, kisha niseme wiki hiyohiyo, ili akikasirika awe na siku ishirini na kitu za kunikasirikia nikiwa hapohapo mbele yake.

Nilisema baada ya Alasiri, wapagazi wakiwa wameondoka, tumekaa juu ya magunia matupu. Nilimwamkia upya ingawa tulikuwa tumeshaonana asubuhi. Nikamwambia, "Mzee, nimekuwa nikikusomea, na anayekuja hatajua kwamba anatakiwa kukusomea. Naomba ukapimwe macho kabla sijaondoka." Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira wala si kwa swali hilo. Ukweli ni kwamba hata wapagazi walijua. Nikajibu kwamba najua mimi. Bado sijui kama lile lilikuwa kosa.

Hakunijibu kitu. Siku tatu alinisemesha kwa mambo ya kazi tu. Siku ya nne nilimpelekea orodha ya makabidhiano aipitie. Hakwenda nayo mlangoni, wala hakuitaja miwani. Alinirudishia karatasi akasema, "Nisomee." Nikasoma vitu vyote kumi na vinne, nikamshika kidole nikakiweka kwenye mstari wa saini, naye akasaini.