Jicho langu lilikuwa zima, mfereji ndio ulioziba

Kwa miaka miwili jicho langu la kushoto lilitoa machozi bila mimi kulia. Nikitoka nje kwenye upepo, shavu lote linalowa. Watu walikuwa wakiniuliza nani amenifia. Asubuhi naamka kope zimegandana kwa tongotongo, na leso haikukauka mfukoni.

Nilipewa matone ya mzio, kisha miwani, kisha matone mengine. Siwalaumu sana waliotoa hayo, maana mzio kweli hutoa machozi, na hata jicho kavu hutoa machozi mengi. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza machozi yanakwenda wapi yakishatoka. Kwenye pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, kila kope ina kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Machozi huingia humo, yanafika kwenye kifuko kilicho ubavuni mwa pua, kisha yanateremka kwa mfereji mwembamba hadi ndani ya pua. Ndiyo maana ukilia kamasi hukutoka.

Ushauri ulionigharimu zaidi ni wa kukanda. Niliambiwa nikande pembe ya jicho kwa kidole mara nne kwa siku, mfereji utazibuka. Nikakanda kwa uaminifu karibu miezi mitatu. Kila nikibonyeza, uteute mzito ulitoka kwenye kitundu, nami nikafurahi, nikidhani uchafu unaisha. Kumbe kifuko kimejaa kwa sababu hakina pa kumwaga, na mimi ninakirudisha juu kile kilichoshindwa kushuka! Kukanda ni tiba nzuri kwa mtoto mchanga. Kwake mara nyingi ni utando mwembamba tu ambao haujafunguka mwishoni mwa mfereji, na wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka. Mimi nilikuwa na miaka 43. Mfereji wa mtu mzima ukishasinyaa kwa makovu, kidole hakiufungui.

Mwishowe pembe ya jicho ilivimba, ikawa nyekundu, na maumivu yakashuka mpaka kwenye meno. Usaha. Hapo ni antibiotiki kwanza. Upasuaji unasubiri uvimbe utulie.

Daktari bingwa wa macho aliyenipima baada ya hapo alitumia bomba la sindano lenye ncha butu na maji ya chumvi. Aliyasukuma kupitia kitundu cha kope ya chini. Mfereji ukiwa wazi, unaonja chumvi kooni. Yangu yalirudi yakatokea kitundu cha kope ya juu, yakanimwagikia shavuni. Kipimo cha dakika chache! Kama jicho lako linachuruzika miezi na miezi, kiulizie kipimo hicho kabla ya kununua chupa nyingine ya matone.

Upasuaji wenyewe hauzibui mfereji wa zamani. Unaondolewa mfupa kidogo kati ya kifuko na pua, machozi yanapewa njia mpya ya mkato. Kuna njia ya kuingilia puani kwa kamera, bila kovu la usoni, na kuna ya kukata ubavuni mwa pua, ambayo Addeo Toti wa Italia aliieleza tangu 1904. Nilimuuliza daktari swali moja: mkono wako umezoea ipi? Akasema ya nje. Nikachagua ya nje, na kovu langu leo lazima nikuonyeshe ndipo ulione. Mtajie daktari kila kidonge unachomeza. Mimi nilikuwa natumia aspirini kwa ajili ya mgongo, akanipangia siku ya kuiacha ili nisivuje damu nyingi.

Nikapewa nusukaputi, nikaamka, nikarudi nyumbani kesho yake. Kulala kichwa kikiwa juu, kutopenga kamasi wiki mbili, kupiga chafya mdomo wazi.

Siku ya tisa nilijisahau, nikabana chafya. Kuna mrija laini wa silikoni unaoachwa ndani ili njia mpya isijifunge, na kitanzi chake kidogo hukaa kwenye pembe ya jicho. Nilipojitazama kwenye kioo, kitanzi kilikuwa kimetoka, kinaning'inia mbele ya jicho! Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkasi. Nikauweka chini. Nikakibandika kitanzi kwa plasta ubavuni mwa pua, nikaenda hospitali nikiwa nimefumba jicho hilo njia nzima. Daktari aliushika mrija kwa upande wa puani, akauvuta taratibu, kitanzi kikarudi mahali pake. Akanishukuru kwa kutokukata wala kuvuta. Ningekata, ningeupoteza mrija wakati kidonda bado kibichi.

Baada ya miezi mitatu aliutoa palepale kliniki. Kisha akachukua tena lile bomba la sindano na maji ya chumvi, akasukuma. Chumvi ikafika kooni. Nilimshika mkono nikashindwa kuongea.

Siku hizi nikipenga kamasi kwa nguvu nasikia hewa ikipenya kwenye pembe ya jicho. Mara ya kwanza nilishtuka, nikapiga simu. Nikaambiwa nipunguze nguvu tu. Hewa inapita kwa sababu njia iko wazi.