Mstari wa 422

Dola 25 zangu za kwanza za mchango ziliwaendea fisi maji. Si masihara, ila ili nielezee ilikuwaje inabidi nirudi nyuma kidogo, tulipokuwa tunalala sebuleni.

Mwaka 2017 mwenye nyumba wetu hapa Oakland, California, aliuza nyumba. Tulitafuta nyingine wiki nzima, lakini pango tulilokuwa tunatajiwa halikuwa la watu wa mshahara wetu. Tukahamia Hayward kwa binamu yangu: mimi, baba watoto, binti yetu wa darasa la tatu na mdogo wake. Kila asubuhi tuliyasimamisha magodoro nyuma ya kochi ili watu wapate pa kukaa. Kwa mtu aliyekulia Tanga hilo si jambo la kutangaza. Umefikia kwa ndugu, ndugu kakupokea, basi.

Halafu shule ikaleta fomu. Swali mojawapo liliuliza mtoto analala wapi usiku, chini yake visanduku: hotelini, ndani ya gari, kituo cha hifadhi, au kwa familia nyingine kwa sababu ya kukosa nyumba au hali ngumu ya maisha. Nikatia tiki hicho cha mwisho bila kuwaza. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na mama mmoja wa ofisi ya elimu, sauti ya upole, akanieleza kwamba binti yangu amehesabiwa kuwa mtoto asiye na makazi.

Niliumia, nisifiche. Asiye na makazi kwangu mimi ni yule anayejikunyata usiku barazani kwa duka la watu. Sisi tuna ndugu! Nikamwambia pa kulala tunapo, ahsante. Hakubishana. Alinieleza tu kwamba kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1987, inaitwa McKinney-Vento, na kwamba sheria hiyo haiulizi kama una ndugu. Inauliza kama mtoto ana mahali pa kulala pa kudumu, pa uhakika na panapofaa. Aliyebanana kwa watu kwa kukosa nyumba naye yumo. Na kwa kuwa yumo, ana haki ya kubaki shule yake ileile hata kama wazazi wamehamia mji mwingine, ana haki ya kusaidiwa usafiri, na kila wilaya ya elimu lazima iwe na mtu wa kufuatilia watoto kama yeye. Huyo mtu ndiye alikuwa ananipigia.

Wiki ile binti akarudi na begi jipya la buluu. Akakaa chini pale sebuleni akapanga kila kitu kwenye zulia, kimoja kimoja, kama muuza genge: madaftari matano ya mistari, penseli za rangi boksi zima, rula, gundi, mkasi usio na ncha, na mfuko mdogo wenye mswaki, dawa ya meno na sabuni. Penseli alizichonga zote usiku uleule. Shemeji alimwambia atazimaliza kabla hajaziandikia, hakusikia. Alilala begi likiwa kichwani badala ya mto.

Sikujua begi lile limetoka mfuko gani, na hadi leo sijui. Lakini tulipopata chumba chetu, miezi saba baadaye, lile begi lilinikaa moyoni.

Sasa kodi. Kila mwaka, karatasi ya mwajiri ikishafika, huwa tunakwenda maktaba ambako watu wa kujitolea wanajaza ritani, yaani fomu za kodi ya mapato, bure kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 2019 nikaamua nijaze mwenyewe kwenye simu. Ritani ya taifa nikaimaliza, nikaingia ya jimbo la California, fomu ya 540. Karibu na mwisho, ukiwa umeshachoka na macho yameanza kuuma, inakuuliza kama ungependa kuchangia mfuko wowote. Miaka yote jibu langu lilikuwa hapana. Safari hii nikafungua, nikakuta orodha ndefu: wazee, wazima moto, utafiti wa saratani, wanyama. Na katikati yake, mstari wa 422: mfuko wa vifaa vya shule kwa watoto wasio na makazi.

Nilimwita baba watoto aje aone. Akasoma, akaguna. "Yaani serikali ikurudishie hela yako, halafu wewe uirudishe tena?"

"Simrudishii yeye. Nampa mtoto wa mtu daftari."

"Na mweka hazina nani?"

Hapo alikuwa na hoja. Sisi tumezoea michango yenye kamati, yenye kadi, yenye mtu wa kukupigia simu usiku kukukumbusha ahadi yako. Huu hauna hata wa kukwambia ahsante. Unaandika kiasi, kuanzia dola moja, bila senti, nacho kinakatwa kwenye marejesho yako, au kama unadaiwa, kinaongezwa kwenye deni. Unafuu wa kodi unaweza kuudai mwaka unaofuata, ila ni kwa wale wanaoorodhesha makato yao moja moja. Sisi hatumo.

Marejesho yetu ya jimbo yalikuwa dola 214. Nikaandika 25, nikatuma, nikalala kwa amani.

Asubuhi nafungua nakala niiprinti, naona 25 imekaa mstari wa 410. Fisi maji wa baharini wa California. Kidole kiliteleza kwenye kioo, na mimi sikurudia kuangalia. Nikatafuta pa kurekebisha, nikakuta maelezo ya fomu yanasema wazi: ukishatuma ritani, kiasi ulichochangia hakibadiliki. Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka mzima kila nikipika samaki alikuwa anauliza kama tuwawekee na jamaa zangu.

Mwaka uliofuata nilikwenda maktaba. Nikamwambia kijana aliyenijazia, kabla hata hajafungua kompyuta: 422, dola 30. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, kwani wengi huwa wanapita tu.

Hilo ndilo lililonifanya nifungue mdomo kwenye upatu wetu. Tupo wanawake kumi na mmoja, tunakutana Jumapili ya mwanzo wa mwezi. Niliwaambia kitu nilichokuwa nimekisoma: mifuko hii kwa kawaida lazima ifikishe dola 250,000 kwa mwaka, la sivyo inafutwa kwenye fomu. Kwa hiyo hata dola tano ina kazi, kwa kuwa inausaidia ule mstari ubakie pale. Mmoja akasema yeye hawachangii Wamarekani, wana mabilionea wao. Sikumlaumu. Mwingine alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza ile fomu ya shule yenye visanduku inapatikana wapi, kwa sababu mdogo wake na wanawe wako kwake tangu Novemba. Nikampa namba ya ofisi ya elimu pembeni, jikoni, wengine wasisikie.

Saba walikubali. Aprili nilipita nyumba kwa nyumba kama karani wa sensa, nakaa kando ya mtu, simu mkononi mwake, tunashuka na orodha pamoja.

"Hapa?"

"Hapo fisi maji, usiguse. Shuka mistari miwili."

"Hapa?"

"Hapo. Toa kidole kwanza, tuhakikishe."