Siku moja Mkondo wa Pemba, nikiwasikiliza wapandao usiku

Saa kumi alfajiri. Nahodha amezima injini, maana kelele yake huchafua vipimo vyangu: nasikiliza mwangwi wa zooplanktoni, wanyama wadogo wa baharini wanaopanda juu usiku na kushuka mchana. Ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika, ndiyo maana nimempata yeye na mashua yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wako juu?"

Wako juu, ila si juu kabisa. Mwezi bado unang'aa.

Saa kumi na moja na nusu. Kunapambazuka, na ukanda wa mwangwi wao kwenye skrini unaanza kuzama. Mashine inatuma mlio wa kilohezi 38 na mwingine wa 200, kisha inasubiri mwangwi. Majini sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya nusu sekunde, umegonga kitu mita 375 chini. Mlio wa 200 hunasa zooplanktoni wadogo, lakini haufiki mbali. Wa 38 hufika kina kirefu, ila huwapita wadogo bila kuwanasa. Unachokiona vizuri ni samaki na viumbe wenye vifuko vya hewa. Siwezi kuacha hata mlio mmoja.

Mchana ni kuosha nyavu, kubandika lebo kwenye chupa, kulala kidogo kivulini. Nahodha ananiuliza nani alianza kazi hii. Namsimulia: mwaka 1942, watafiti wa sona, mashine ya kusikiliza mwangwi majini, karibu na San Diego, Marekani, walipata mwangwi kama wa sakafu mahali ambapo bahari ilikuwa na kina kirefu zaidi. Mwaka 1945 Martin Johnson wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari, akaifuatilia usiku na mchana. Ile sakafu ilipanda jioni na kushuka asubuhi. Ilikuwa hai.

Saa kumi na mbili jioni. Hapa sizungumzi na mtu. Jua linazama upande wa bara, na kutoka chini ukanda mwembamba unapanda, unanenepa, unagawanyika. Wanakuja kula mimea midogo ya juu wakati macho ya samaki hayaoni. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele.

Saa mbili usiku tunavuta wavu, kwa kuwa mwangwi hauniambii ni nani hasa. Ndani ya chupa, kopepodi, zooplanktoni wadogo wa jamii ya kamba, wanarukaruka chini ya tochi nyekundu.

"Mwezi ukitoka, dagaa hawaifuati karabai," nahodha anasema.

Saa tatu kasoro mwezi unachomoza upande wa Pemba. Tunazima kila taa. Kwenye skrini, ukanda umeanza kushuka.