Ampu ya valvu, hedifoni nne na ngoma ya Bujora

Kuna watu wananiulizaga, ampu ya valvu, yaani kikuza sauti kinachotumia zile taa za kioo za redio za zamani, inasikikaje? Na mi kila mara nawarudishia swali, unaichomekea hedifoni gani? Wengine wanaona kama nawazungusha. Siwazungushi, jibu lenyewe ndo hilo. Ampu yangu ni moja, valvu zilezile, meza ileile hapa Kirumba, Mwanza, nimeisikia ikiwa tamu mpaka nikasahau maji jikoni yakakauka, na nimeisikia ikiwa mbovu mpaka nikaamini nimetapeliwa, na kilichobadilika ni hedifoni tu.

Niliipata mtumba kwa jamaa wa Dar, ikaja kwa basi imefungwa kwenye kipande cha godoro, valvu zimechomolewa na kila moja imevalishwa soksi yake. Ni zile zinazoitwa OTL, yaani sauti ikitoka kwenye valvu inapita kwenye kapasita halafu moja kwa moja kwenye hedifoni, hapo katikati hakuna transfoma ya kutolea. Valvu ziko mbili, ndogo ni 6SN7, hii inakuza sauti, na kubwa ni 6AS7 ambayo ndo inasukuma. Hiyo kubwa mwanzoni ilitengenezwa kwa kazi ya kutuliza volti kwenye mitambo, sio muziki, na waya wake wa kupashia moto peke yake unakula ampea 2.5 kwa volti 6.3, zidisha uone, karibu wati 16 za joto kabla hujapiga hata wimbo mmoja. Sasa nyumba yetu imeegemea mwamba, na mwamba wa Mwanza ukipigwa jua mchana kutwa unatoa joto mpaka saa nne usiku, ongeza na hiyo valvu, bila kufungua dirisha hukai. Ukifungua dirisha wadudu wa ziwani wanaingia wanafuata ile rangi ya chungwa, wanajibandika kwenye kioo wanaungua, harufu yake kama nywele zilizoshika moto. Siku hizi naifunika na kawa la wavu, lile la kufunikia chakula mezani, hewa inapita na wadudu wanabaki nje.

Kitu ninachotumia kupima ni rekodi niliyochukua mwenyewe Bujora, pale Kisesa, mwezi wa sita kwenye sherehe za Bulabo. Ni bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, mi nimesimama kama hatua kumi kutoka kwenye ngoma kubwa na kinasa kidogo chenye maiki mbili. Mle ndani kuna vitu vitatu ninavyovijua kabisa. Kuna ule mvumo unaobaki baada ya ngoma kupigwa, unavyozama taratibu. Kuna njuga miguuni kwa wachezaji. Na kuna mama mmoja alikuwa nyuma yangu kushoto, jembe liliporushwa juu likadakwa akapiga kigelegele kimoja kirefu. Nilikuwepo, najua kilikuwa karibu kiasi gani na sikio langu, kwahiyo hakuna ampu inayoweza kunidanganya hapo.

Hedifoni ya kwanza ilikuwa ATH-M50x maana ndo niliyokuwa nayo, omu 38 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani hedifoni inazuia umeme kiasi gani), na kwenye simu au kompyuta huwa inapiga vizuri sana sina neno nayo. Kwenye ampu hii, ah. Kwanza kulikuwa na mvumo wa umeme kwa nyuma, ule wa mmmm, hata ukipunguza sauti mpaka sifuri bado upo. Halafu ngoma ikawa nene bila umbo, pigo la pili linakuja la kwanza halijaondoka, njuga zimerudi nyuma kama ziko ndani ya gunia, na nikiongeza sauti kidogo inaanza kupasuka. Nikabadilisha waya, nikasafisha soketi, nikahamisha ampu mbali na feni. Hamna kitu.

Nikaibeba mpaka kwa mzee mmoja fundi, Mabatini, ambaye alitengenezaga redio za valvu enzi zake na mpaka leo ana boksi la valvu chini ya kitanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeleta jiko?"

Akaiangalia, akaigeuza, akaichomeka, akapima pima, akasema mashine ni nzima. Halafu akaniuliza, "Hizo spika zako za masikioni ni omu ngapi?" Nikasema sijui. "Sasa mjukuu, unamnunulia mtu kiatu hujui mguu wake?" Akachukua boksi tupu la risasi ya kulehemu akachora rezista mbili, vile vidude vya kuzuia umeme, zimefuatana, ya kwanza akaandika ampu, ya pili akaandika sikio, akaniambia hizo mbili zinagawana volti, na kila moja inachukua kulingana na ukubwa wake.

Ndo nikaelewa. Ampu za OTL za aina hii ukinzani wake wa kutokea, yaani ule wa ampu yenyewe pale sauti inapotokea, sio mdogo, chukua mfano omu 120. Ukiweka hedifoni ya 38, jumla ni 158, hedifoni inapata 38 tu humo, robo haifiki, sehemu kubwa inabaki kwenye valvu yenyewe. Na ili hiyo robo isikike vizuri valvu inatakiwa itoe mkondo mwingi, na valvu mkondo mwingi haina, ina volti. Hapo ndo inapasuka. Na mvumo unasikika kwasababu hedifoni nyepesi kusukumwa inapigisha hata uchafu mdogo. Kwahiyo M50x haina kosa na ampu haina kosa, mi ndo niliwakutanisha.

Baadae nikapata HD 650, mtumba pia, omu 300. Nakumbuka ilikuwa usiku umeme umerudi muda si mrefu, nikaiacha ampu ipate moto dakika kumi, nikaweka Bujora. Mvumo wa umeme hamna. Ngoma ikapigwa, ule mvumo wake ukakaa kifuani ukazama taratibu kabisa kama ulivyokuwa pale uwanjani, na yule mama alipopiga kigelegele niligeuza shingo kushoto. Kweli niligeuka. Nikarudia mara nne.

Wengi wakifika hapa wanasema "ndo utamu wa valvu huo" wanaishia hapo. Na mi nilisema hivohivo miezi kadhaa. Lakini lile boksi la risasi lilikuwa bado mezani kwangu, nikaanza kujiuliza, omu 300 ni namba ya kwenye karatasi tu, je ikipigwa besi inabaki 300? Haibaki. HD 650 ukinzani wake unapanda kwenye besi, pale karibu na hezi 80 mpaka 100 unafika kama omu 500, halafu unashuka tena. Sasa piga hesabu ya mzee. Kwenye sauti za kati hedifoni inapata 300 kwa 420, asilimia 71. Kwenye besi inapata 500 kwa 620, asilimia 81 hivi. Maana yake besi inanyanyuka kama desibeli 1 bila mtu yeyote kugusa kitufe. Desibeli 1 utasema ni kitu gani, lakini sio kidoti sehemu moja, ni kilima kipana kimekaa palepale ngoma kubwa inapokaa.

Rafiki yangu anafundisha Sengerema, akivuka na kivuko cha Kamanga huwa analala kwangu, siku moja akaja na HE400se, ile ya utando bapa. Omu 25. Hizi ukinzani wake ni mstari ulionyooka, haupandi haushuki, kwahiyo ampu haiwezi kubadilisha umbo la sauti yake hata ikitaka. Lakini omu 25 na tena nzito kusukuma, kwenye OTL yangu inapata chini ya moja ya tano ya volti. Ngoma ya Bujora ikawa kama inapigwa kwenye ndoo, unasikia ngozi husikii tumbo. Rafiki yangu alinyong'onyea sana, alikuwa ameibeba hedifoni yake kwa matumaini. Kwa bahati alikuwa na kiampu chake kidogo cha mchanganyiko, valvu moja ndogo mbele inakuza, transista nyuma inasukuma, ukinzani wa kutokea karibu na sifuri. Kuhamishia hapo tu ikafunguka, njuga zikatawanyika kila moja na mahali pake, besi imeshuka chini kabisa na imebana. Kwa kweli kwa njuga sijasikia kitu kama kile.

Sasa usiku ule nikamwomba niweke HD 650 yangu kwenye kiampu chake. Ikawa safi, haina shida yoyote, lakini ule unene wa ngoma umepungua. Hapo ndo likanijia wazo, nikatoa rezista mbili za omu 120, nikatengeneza kipande cha waya, moja kulia moja kushoto, nikaichomeka katikati ya kiampu na HD 650. Nikasawazisha sauti kwa multimita, toni ya hezi 400, mpaka volti zilingane kwenye ampu zote mbili, maana sauti ikizidi kidogo tu sikio linasema hii ndo nzuri hata kama sio nzuri. Tukasikiliza kwa kubadilishana, mmoja anachomeka mwingine amefumba macho.

Jamani, unene ulirudi. Sio wote, ila sehemu kubwa. Yaani kitu nilichokuwa nakiita utamu wa valvu, nikiwaandikia watu na kuwashauri wanunue, sehemu yake kubwa ni rezista ya shilingi chache ukiikutanisha na hedifoni yenye kilima. Tulikaa kimya pale mezani, mwenzangu akasema tu "duh".

Kilichobaki, kile ambacho rezista haikuleta, ndo valvu yenyewe, na kipo, sisemi hakipo. Kila noti valvu inaiongezea wimbi dogo la pili, oktavu moja juu yake, sikio halilisikii kama uchafu linalisikia kama mwili. Nilikipata zaidi kwenye kigelegele kuliko kwenye ngoma. Ile sauti ya mama ilikuwa na ukubwa wa mtu, kwenye kiampu hata na rezista zake ilikuwa nyembamba kidogo, mbali kidogo. Mwenzangu alisema hasikii tofauti hiyo na sina namna ya kumlazimisha.

Ya nne ni DT 880 ya omu 600, hii naimiliki. Kimya kabisa, mvumo wa umeme hata ukiutafuta huupati, na kwasababu 600 inabeba zaidi ya asilimia 80 ya volti valvu inapumua, haihangaiki. Ila kile kilima cha HD 650 hapa ni kidogo, kwahiyo usitegemee ampu ikupe besi ambayo hedifoni haina. Na sauti zake za juu ni kali, kigelegele kinachoma, herufi s za mwimbaji zinachoma, valvu haikuziondoa, watu wanaosema valvu inatibu hedifoni kali mi sikubaliani nao. Kwa kusikiliza kwa masaa mengi sauti ya chini usiku, watu wamelala, naichagua hii. Kwa Bujora naichagua HD 650 kila siku.

Kubadilisha valvu? Nimebadilisha. Yule mzee alinipa 6N8S ya Kisovieti, ni ndugu wa 6SN7 inaingia palepale, na ilikuwa na ukimya zaidi kidogo na juu palikuwa laini kidogo. Kidogo. Ukilinganisha na kubadilisha hedifoni ni kama kubadilisha pazia wakati mwenzako anahama nyumba. Kama una hela ya valvu ya bei mbaya na hedifoni yako ni ya omu 38, tafadhali hiyo hela weka kwenye hedifoni.

Na kwa usalama wako, OTL usiichomekee hedifoni wakati inapata moto, subiri, na kabla ya kuzima chomoa kwanza, kuna pigo linapita pale linaloweza kuumiza hedifoni. Umeme ukikata ghafla chomoa hapohapo usisubiri urudi. Ndani kuna volti zaidi ya 100 na kapasita zinazishikilia hata ukishachomoa ukutani, kwahiyo usifungue kama hujui. Mi natumia stebilaiza pia, maana jioni umeme ukishuka waya wa valvu haupati moto wake sawasawa na sauti inalegea.

Hedifoni ya omu 150 sijawahi kuisikia kwenye hii ampu na inaniwasha sana kujua, kwa hesabu inatakiwa ikae katikati, lakini nataka kuisikia na ngoma. Kama unayo na uko Mwanza njoo nayo, huwa naiwasha saa mbili usiku, na rezista zangu nimezihifadhi kwenye lilelile boksi la mzee.