Nilivyomtembeza mama Glencoe na kurudi kwa siku moja

Mama alipokuja kunitembelea Glasgow mwezi wa Mei, aliniambia kwamba hakutoka Tanga kuja kutazama majengo. Alitaka kuiona milima ya Uskoti. Tatizo lilikuwa magoti yake, ambayo hayamruhusu kutembea sana wala kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu.

Niliyaacha mabasi makubwa ya watalii, ingawa nauli yake ilikuwa nafuu, nikachagua basi dogo la abiria 16. Kabla ya kulipa nilipiga simu kuuliza juu ya kipandio cha mlangoni na vituo vya mapumziko, nikaomba viti vya mbele. Nashukuru niliuliza, kwa sababu dereva, ambaye ndiye aliyekuwa mwongozaji wetu, alikuja na kigoda cha mbao, akawa anakiweka chini ya mlango kila tuliposimama bila kungoja kuombwa.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Tulipumzika Luss, kijiji cha nyumba za mawe kando ya Loch Lomond, ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania, kisha tukaivuka nyika ya Rannoch, yenye majimaji na upepo, bila kushuka.

Glencoe tulikaa zaidi. Milima imelibana bonde pande zote, na vijito vinateremka kwenye miamba kama nyuzi nyeupe. Mwongozaji alizima injini, akasimulia jinsi askari waliopokewa na ukoo wa MacDonald, wakalala na kula majumbani mwao kwa muda wa karibu wiki mbili, walivyowageukia wenyeji wao alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692, wakaua watu 38, huku wengine waliokimbia wakifia kwenye theluji. Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Siku zote hizo waliwalisha?" Nilipoitikia, akasema, "Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe, mwanangu. Hawa wamekula wakashiba, kisha wakashika silaha." Akashuka, akanishika bega, tukatembea polepole hadi mahali pa kuitazama ile milima mitatu inayoitwa Dada Watatu, na hakulalamikia magoti hata mara moja.

Wakati wa kurudi tulipitia Inveraray, mji mdogo wa nyumba nyeupe kando ya Loch Fyne. Hapo mama alitia udhu, akaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, akiwa ameketi kwenye benchi, kama msafiri. Mimi nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba loch maana yake ni ziwa. Alipomaliza aliinusa ile harufu ya mwani, akaniomba nimsogeze majini, akachovya kidole na kukilamba.

"Ziwa gani hili?" akasema. "Hii ni bahari, mwanangu."