Amsterdam hadi Bologna kwa treni

Masomo yangu Bologna, Italia, yalikuwa yaanze baada ya siku kumi, nikaona ndege ya nini? Nikateremka taratibu kwa treni kutoka Amsterdam.

Paris ndiyo iliyonitoa jasho. Treni yangu iliishia stesheni ya Gare du Nord, ya kwenda Zürich inaondokea stesheni nyingine, Gare de Lyon, na mimi nilidhani ni kubadilisha jukwaa tu! Nikaburuta sanduku lenye gurudumu bovu hadi chini kwenye treni ya mjini, RER D, krrr krrr, watu wananigeukia.

Zürich nililala tu. Asubuhi tukaingia handaki la Gotthard, kilomita 57: masikio yakaziba, dirishani nikabaki najitazama mwenyewe, nywele timtim. Tulipochomoka bado ilikuwa Uswisi, ila vibao vyote Kiitaliano. Nikatoa daftari, nikaanza kunakili maneno.