Njiwa aliyefika bila barua

Sisi wafuga njiwa tuna ugonjwa wetu: hata hadithi ya vita tunaisoma tukiuliza banda liko wapi. Hii niliyoipenda banda lake liko Broughty Ferry, kando ya mji wa Dundee, Scotland.

Februari 1942 ndege ya Uingereza ya kuangusha mabomu, aina ya Beaufort, ilikuwa ikirudi kambini kutoka pwani ya Norway, imeshapigwa na adui. Ndani walikuwamo watu wanne. Haikufika, ikajibwaga kwenye Bahari ya Kaskazini. Mwezi ule maji ya huko ni baridi ya kuua. Walifanikiwa kupanda kiboti chao cha mpira, lakini redio haikuwa imewasaidia kueleza hasa wako wapi, na bahari ile ni kubwa mno kumtafuta mtu kwa kubahatisha.

Ndege za mabomu za enzi hizo zilibeba njiwa kwenye kisanduku kwa ajili ya balaa kama hilo. Wa kwao alikuwa jike, na katika mshindo wa kuanguka alitapakaa mafuta. Akaruka hivyo hivyo. Asubuhi yake, kiasi cha kilomita 190 kutoka pale, mwenye banda, bwana George Ross, akamkuta amefika: hoi, mabawa yamegandana mafuta, mguuni hana kijibarua wala namba.

Mwaka juzi njiwa wangu mmoja, madoadoa, alitumbukia kwenye ndoo ya oili chafu gereji ya jirani hapa Tanga. Nilimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, manyoya yakawa yanatoka mkononi kama nyuzi mbovu. Siku kadhaa hakuweza hata kupanda paa la banda. Kwa hiyo nikisoma kilomita 190 namwelewa Ross alivyokimbilia simu kuwaambia wanajeshi.

Ila mimi sifa zangu nyingi nawapa waliopokea simu ile. Njiwa kurudi kwake ni kawaida. Hata wangu nikimwachia Muheza atakuja, maana ndiko anakolala. Lakini aliyekuja mikono mitupu utamsoma vipi? Walikaa chini wakachukua saa ndege ilipoanguka na saa njiwa alipofika, wakaangalia upepo ulikovumia, kisha wakapunguza mwendo, kwa kuwa yale mafuta lazima yalimchelewesha. (Na njiwa hapendi kuruka gizani, mfugaji yeyote atakwambia.) Hesabu ile ikawapa sehemu ya bahari ya kutafuta. Wakaenda, wakakikuta kiboti, na wote wanne wakiwa hai.

Manusura waliandaa karamu kwa heshima yake, na ndiyo asili ya jina Winkie: kope lake lilikuwa limechoka, likawa linashuka polepole, wao wakaona kama anawakonyeza. Sisi huku tungesema njiwa anaumwa, mrudishe bandani alale.

Tarehe 2 Desemba 1943 alivishwa nishani ya Dickin, ya shaba, iliyoanzishwa mwaka ule ule na Maria Dickin kwa ajili ya wanyama wa vita. Siku hiyo walivishwa njiwa watatu, yeye pamoja na White Vision na Tyke. White Vision naye alihusika kuokoa watu wa ndege iliyoanguka baharini, Oktoba ya mwaka huo, akiwa amerudi huku upepo ukimpiga usoni. Huyo sina neno naye.

Lakini maneno ya nishani ya Winkie yanasema alituzwa kwa kufikisha ujumbe katika mazingira magumu kupita kiasi. Ujumbe gani tena, jamani? Alifikisha mafuta na uchovu. Nusu ya ile shaba wangemkatia mpiga hesabu.